Neno Dogo "Take" na Maana Zake Nyingi



Watu wengi wanaojifunza Kiingereza huogopa maneno marefu. Wakikuta neno la herufi 15 katika gazeti au katika barua ya Serikali, hushtuka, wakaenda upesi kutafuta kamusi. Lakini kwa kweli neno refu si adui mkubwa. Kwa kawaida neno refu lina maana moja au mbili tu, nayo kamusi huieleza kwa mstari mmoja; msomaji akiisha kuijua, amemaliza kazi. Adui ni neno fupi, lile ambalo kila mtoto hufundishwa katika mwaka wake wa kwanza wa Kiingereza, na ambalo kila mtu hudhani kwamba analijua. Maneno ya namna hiyo ni kama "get", "set", "run" na "put", pamoja na lile ambalo ndilo shabaha ya mazungumzo haya, yaani "take".

Neno hili hutamkwa "teik". Likitumika kwa jambo lililopita huwa "took", na mara nyingine "taken". Mwalimu akiulizwa maana yake atajibu mara moja: ni kutwaa. Jibu hilo ni la kweli, wala hapana wa kulikana. Walakini mtu akiondoka shuleni na jibu hilo peke yake, akaingia nalo hospitali, benki, mahakamani au katika uwanja wa ndege, ataona kwamba amepewa ufunguo mmoja wa nyumba yenye milango mia. Tena katika baadhi ya milango hiyo kukosea si jambo la kuchekesha, bali ni jambo la kufa na kupona.

Kitenzi kimoja, kazi nyingi

Yafaa kuanza na mambo ya kila siku. Kwa Kiingereza chai ni kitu cha "take". Mswahili yeye hunywa chai. Kidonge pia ni cha "take"; Mswahili humeza kidonge. Picha ni ya "take". Mswahili hupiga picha. Kiapo ni cha "take". Mswahili hula kiapo. Gari la moshi ni la "take". Mswahili hupanda gari la moshi. Vivyo hivyo mtihani hufanywa, mke huolewa, joto la mgonjwa hupimwa, shauri hufuatwa, kisasi hulipizwa, tatu hutolewa katika kumi, na mji hutekwa vitani. Katika mambo hayo yote Mwingereza hutumia neno lake lile lile. Basi hayo ni maneno 12 ya Kiswahili yanayofanya kazi ya neno 1 la Kiingereza, na orodha bado haijafika mwisho.

Huenda msikilizaji akauliza: Je, Waingereza ni wavivu wa kutafuta maneno? Sivyo. Kiswahili nacho kina neno lake la namna hiyo, tena limewatoa jasho wageni wengi. Neno hilo ni "piga". Mgeni hufundishwa kwamba kupiga ni kumshushia mtu fimbo au ngumi. Kisha asikia kwamba jirani yake amepiga pasi, akapiga simu, akapiga hodi, akapiga miayo, akapiga magoti, akapiga kura, na ya kwamba baraza la mji limepiga marufuku kutupa takataka njiani. Mgeni hushangaa, akajiuliza kama katika nchi hii kila kitu hupigwa. Akigeukia neno "kula", hapati nafuu. Watu hula kiapo, hula njama, hula rushwa na hula hasara. Na mzee aliyekula chumvi nyingi hakuuguzwa na chumvi hiyo, bali ameishi miaka mingi.

Wahenga husema kwamba ndege wa bawa moja huruka pamoja. Maneno nayo ni hivyo hivyo. Neno kama "take" au "piga" likisimama peke yake halina maana kamili. Maana yake hujulikana kwa wenzake wanaofuatana nalo. Kwa hiyo mtu anayetaka kufahamu asiulize tu, "Take maana yake nini?" Yampasa aulize, "Take hapa imefuatana na nini?" Swali hili la pili ndilo lenye faida.

Asili ya neno

Jambo la kushangaza ni kwamba neno hili ambalo leo Waingereza hawawezi kupitisha siku bila kulisema, lilikuwa geni kwao. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita wao walisema "niman", neno ambalo ni ndugu wa "nehmen" la Wajerumani na "nemen" la Waholanzi, yanayotumika hata leo. Ndipo walipokuja mabaharia wa Kaskazini, kutoka nchi ambazo leo ni Denmark na Norway. Kwanza walikuja kwa upanga. Mwaka 793 walishambulia nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne. Baadaye wengi wao walikaa, wakalima mashamba na kuoa wenyeji, na mwaka 1016 Mdenmaki aliyeitwa Cnut akawa mfalme wa Uingereza.

Watu hawa kwa lugha yao walisema "taka", maana yake kutwaa au kushika. Herufi zake ni zile zile za "taka" ya Kiswahili, ingawa maneno haya mawili hayana ujamaa hata kidogo. Polepole neno la wageni likalishinda neno la wenyeji. "Niman" likafa, likaacha alama chache tu, kama vile neno "numb", ambalo maana yake ni kufa ganzi, kwa kuwa kiungo kilichokufa ganzi ni kama kimetwaliwa na kitu kingine. Hivi ndivyo lugha zilivyo. Kiingereza kilikopa "take" kwa wageni, kama Kiswahili kilivyokopa "meza" kwa Wareno na "kitabu" kwa Waarabu, na hapana aibu katika kukopa huko.

Vijineno vinavyofuata

Ugumu wa "take" huzidi linapofuatwa na vijineno kama "in", "on", "out", "down", "over" na "after". Vijineno hivi ni vidogo kama punje za mtama, lakini hugeuza maana yote.

Mtoto ambaye "takes after" baba yake hamwandami baba kwa miguu. Maana yake ni kwamba amefanana naye kwa sura au kwa tabia. Karani ambaye "takes over" kazi hakuiruka. Ameipokea kutoka kwa mwenzake, na tangu saa hiyo lawama ni yake. Fundi wa cherehani akiambiwa "take in" kanzu, huipunguza upana.

Lakini "take in" ikitumika kwa mtu, yapasa kuwa macho. Mwingereza akisema kwamba mjane fulani "took in" mgeni, maneno hayo yaweza kuwa na maana kwamba mjane alimkaribisha mgeni nyumbani mwake akampa mahali pa kulala. Yaweza pia kuwa na maana kwamba mjane alimdanganya. Wema na ulaghai vimekaa katika neno moja, na msikilizaji hana njia ya kuvitenga ila kwa kusikiliza habari yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Kadhalika "take on". Kampuni ikitangaza kwamba ita-"take on" watu 50, maana yake ni kwamba itawaajiri, na mtafuta kazi na aende mbio. Lakini gazeti likisema kwamba askari 10 "took on" maadui 50, maana yake walipigana nao. Na meli iki-"take on" mizigo, inapakia.

Tena iko "take out", ambayo huweza kumponza mtu maskini. Kutoa kitu nje ndiyo maana yake ya kwanza. Sasa mkulima mwenye deni aingia benki, naye aulizwa kwa Kiingereza kama ataka "take out a loan". Akiyatafsiri maneno hayo moja moja, atadhani kwamba deni litatolewa na kuondolewa, naye atakubali kwa furaha. Kumbe maana yake ni kinyume kabisa: ni kukopa. Atatia sahihi yake akidhani ametua mzigo, kumbe amejitwika wa pili.

Herufi chache nazo huleta tofauti kubwa. Katika mkutano, mtu akiambiwa "Take a chair", ameambiwa akae. Akiambiwa "Take the chair", amepewa heshima ya kuwa mwenyekiti na kuongoza mkutano. Na yule aliyefundishwa kwamba "take" ni kutwaa na basi, atabeba kiti kwenda nacho kwake. Vile vile, mtu ambaye "takes part" katika kazi ya mtambo anashiriki kazi hiyo. Lakini ambaye "takes apart" mtambo anaufungua vipande vipande. Mwenye mtambo hatapenda mambo haya mawili yachanganywe.

Misemo yenye chumvi

Kila taifa lina misemo yake, na Waingereza wamelitia neno hili katika misemo mingi. Kushika dume la ng'ombe kwa pembe, yaani "take the bull by the horns", ni kulikabili jambo gumu bila kuzungukazunguka. "Take heart" ni kupiga moyo konde; lakini "take to heart" ni kulitia jambo moyoni, hata pengine kuhuzunika kwa ajili yake. "Take to one's heels", ambayo yataja visigino, ni kukimbia. Wakili wa Uingereza akiambiwa kwamba ame-"take silk", yaani ametwaa hariri, hakununua kitambaa dukani. Amepandishwa cheo kuwa wakili mkuu, naye aruhusiwa kuvaa joho la hariri mahakamani.

Upo pia msemo wa kutwaa shilingi ya mfalme. Zamani, hasa katika karne ya 18, kijana wa Uingereza aliyekubali kuandikwa askari alipewa shilingi moja. Akiisha kuipokea, amefungwa na ahadi. Desturi hiyo imekwisha kitambo, lakini msemo ungalipo, na maana yake ni kujiandikisha jeshini. Hapa neno "take" linafundisha jambo zito: mara nyingi kupokea ni kukubali, na mkono ukipokea, mtu mzima amefungwa.

Lakini msemo unaowachanganya Waswahili kuliko yote ni ule wa chumvi. Mwingereza akishauri kwamba habari fulani ipokewe "with a pinch of salt", yaani pamoja na chumvi kidogo, ana maana kwamba habari hiyo isisadikiwe yote. Kwa Waswahili, aliyetia chumvi ni msimulizi, maana ameongeza maneno ili habari ipendeze. Kwa Waingereza, mwenye chumvi ni msikilizaji, maana anajilinda asidanganywe. Chumvi ni ile ile, ila kwa hawa imo mdomoni mwa msemaji, na kwa wale imo sikioni mwa asikiaye. Mtu akitafsiri kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuangalia jambo hili, atamwita mwongo mtu aliyekuwa mwangalifu.

Kuchukua na kutwaa

Mijini husikika sasa maneno kama "kuchukua chai", na pengine hata "kuchukua picha". Wasemaji hawana nia mbaya. Wamefikiri kwa Kiingereza, wakasema kwa Kiswahili. Lakini kwa Kiswahili cha asili "kuchukua" ni kubeba mzigo, na ndiyo sababu mbeba mizigo aitwa mchukuzi. Mzee wa pwani akimwambia mjukuu wake, "Chukua chai," ataka chai ipelekwe kwa wageni sebuleni. Mjukuu akiinywa yote palepale jikoni, wageni watalala na kiu na mzee ataona aibu.

Hayo ni madogo, na lugha hukua. Wengine wamezoea kusema kwamba safari huchukua saa tatu, na kila mtu anaelewa. Hatari huja pale ambapo msemaji na msikilizaji wote wawili hudhani wameelewana, kumbe kila mmoja ameshika maana yake.

Chupa yenye maneno manne

Katika Uingereza ya karne ya 19 wauza dawa walikuwa wakitia sumu katika chupa za namna ya peke yake. Nyingi zilikuwa za rangi ya kijani au buluu, nazo zilikuwa na mistari au vinundu ubavuni, ili hata mtu anayepapasa gizani aijue chupa ya sumu kwa vidole vyake. Juu ya kioo chenyewe palichorwa maneno manne: "Not to be taken".

Mwingereza aliyeyasoma alijua mara moja kwamba kilichomo hakifai kunywewa. Lakini mtu aliyejua ile maana moja ya kutwaa angeyasomaje? Angeyasoma hivi: "Isitwaliwe." Angedhani kwamba ni onyo kwa wezi, au kwamba mwenye chupa hataki iondolewe rafuni. Na kama chupa ni yake mwenyewe, imo nyumbani mwake, na mtoto wake ana kikohozi, kitu gani kingemzuia kuifungua? Wale waliotengeneza chupa zile walifikiri sana juu ya gizani na vidole, wakasahau kuwafikiria watu ambao Kiingereza si lugha yao.

Siku hizi dawa nyingi huwa na maelezo marefu zaidi, lakini neno "take" bado limo katika vibandiko vyake. "Take one tablet three times a day" ni kumeza kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Maneno hayo hayasemi kama ni pamoja na chakula au kabla yake, wala hayasemi kama vidonge vyote vya siku vyaweza kumezwa pamoja asubuhi. Mgonjwa anayeona shaka na amwulize mganga au muuza dawa kabla ya kutoka mlangoni.

Mbele ya hakimu

Mahakama nayo ni mahali ambapo neno hili huvaa mavazi mengi. Shahidi "takes the oath": anakula kiapo. Katika mahakama za Kenya husemwa kwamba mshtakiwa "takes plea". Hapo hatwai kitu chochote. Asomewa shtaka, naye ajibu kama akubali au akana.

Neno lenye kutisha zaidi ni "take down". Polisi wa Uingereza walikuwa na desturi ya kumwonya mtu waliyemshika kwamba maneno atakayosema yata-"taken down", yaani yataandikwa, na huenda yakatolewa kuwa ushahidi. Mwisho wa kesi, jaji wa huko akiisha kutoa hukumu ya kifungo, husema "Take him down". Maana yake si kwamba mtu huyo aandikwe, bali ashushwe, kwa kuwa katika mahakama nyingi za Uingereza vyumba vya mahabusu vilijengwa chini ya ukumbi wa kesi. Hivyo mtu mmoja, katika kesi moja, aweza kusikia maneno hayo mara mbili: kwanza maneno yake yaandikwa, halafu mwili wake wapelekwa kifungoni.

Kwa sababu ya mambo kama haya, kazi ya mkalimani si ya kudharauliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imeweka Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Na katika kifungu cha 50 imempa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo. Haki hiyo ni ya kila mtu, naye asione haya kuiomba. Yule anayesema "Ndiyo" kwa swali ambalo hakulielewa amekwisha kujifunga kwa kamba asiyoiona.

Neno lililosikika katika ukungu

Imebaki "take off", ambayo imeachwa kusudi hadi hapa. Maneno haya mawili yana maana nyingi. Ni kuvua kofia. Ni kupunguza shilingi 10 katika bei. Ni kupumzika kazi kwa siku moja, ikiwa siku hiyo itatajwa katikati. Ni biashara kustawi ghafla. Ni kumwiga mtu kwa kumdhihaki. Na ni ndege kuacha ardhi na kuruka.

Jumapili tarehe 27 Machi, 1977, bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Gran Canaria, katika Visiwa vya Canary ambavyo ni vya Hispania. Ndege zilizokuwa zikielekea huko zikapelekwa uwanja wa Los Rodeos, katika kisiwa jirani cha Tenerife. Miongoni mwake zilikuwamo ndege mbili kubwa sana za namna ya Boeing 747, moja ya kampuni ya KLM ya Uholanzi, na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Uwanja ukasongamana. Ruhusa ya kuendelea na safari ilipopatikana, ndege hizi mbili zililazimika kupita juu ya ile njia yenyewe ya kurukia. Ile ya Waholanzi ilitangulia hadi mwisho wa njia, ikageuka. Ile ya Wamarekani ilikuwa ingali njiani, ikitafuta mahali pa kutokea.

Ukungu mzito ulikuwa umeshuka. Marubani hawakuonana, waongozaji mnarani hawakuiona hata ndege moja, wala uwanja haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo chini. Kilichowaunganisha ni redio, na katika redio walisema Kiingereza, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya Waholanzi wala ya Wahispania wa mnarani.

Mnara ukawapa Waholanzi maelezo ya njia watakayoifuata angani, na katika maelezo hayo lilikuwamo neno "take-off": waliambiwa wageuke kulia baada ya "take-off". Hiyo haikuwa ruhusa ya kuruka. Ilikuwa habari ya safari tu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusikika. Rubani msaidizi akayarudia maelezo, kama ilivyo desturi, akamaliza kwa kusema, "We are now at take-off." Wakati huo huo ndege yao ilikuwa imeanza kwenda mbio.

Mwingereza mwenyewe hasemi hivyo. Mwongozaji mnarani alielewa kwamba ndege imesimama mahali pa kurukia, inangoja. Rubani alikusudia kwamba wako katika kuruka. Wataalamu wa lugha wameeleza kwamba Kiholanzi hutumia kijineno "aan", kinachokaribia "at", kuonyesha tendo ambalo mtu yu katika kulitenda. Basi huenda rubani alisema maneno ya Kiingereza kwa muundo wa lugha ya mama yake. Mnara ukajibu "OK", kisha ukaongeza kwamba wangoje, wataitwa. Papo hapo rubani wa Marekani naye akasema kwamba bado yumo njiani. Sauti mbili zikagongana, na Waholanzi hawakusikia vizuri yaliyofuata ile "OK".

Ndege hizo zikagongana. Katika ndege ya Uholanzi walikuwamo watu 248, na wote walikufa. Katika ile ya Marekani walikuwamo watu 396. Walikufa 335, wakaokoka 61. Jumla ya waliokufa ni 583, na katika historia ya ajali za ndege hakuna ajali nyingine iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Si haki kusema kwamba neno moja peke yake liliwaua watu wote hao. Palikuwa na ukungu, msongamano, haraka ya kuondoka, na redio zilizogongana. Lakini neno lilikuwa mlango mmoja katika milango iliyoachwa wazi, na waliosimamia mambo ya ndege waliazimia kuufunga. Kwa kanuni za kimataifa zinazofuatwa sasa, neno "take-off" halisemwi katika redio isipokuwa wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta ruhusa hiyo. Wakati mwingine wowote hutumika neno "departure", yaani kuondoka. Tena maagizo ya hatari hurudiwa na rubani, na mwongozaji husikiliza kama yamerudiwa sawasawa. "OK" peke yake haitoshi.

Mafundisho

Mambo matatu yafaa kushikwa. La kwanza, neno dogo lisitafsiriwe peke yake. Litazamwe pamoja na wenzake wote. La pili, palipo na dawa, deni, kiapo au mtambo, anayesikiliza na arudie kwa maneno yake mwenyewe aliyoyaelewa, kama rubani anavyorudia maagizo, ili kosa lionekane mapema.

La tatu lawahusu wale wanaokijua Kiingereza vizuri: makarani, wauguzi, wasimamizi wa kazi na maafisa. Mzigo wa kueleweka ni wao kuliko wa yule anayewasikiliza. Kiingereza kina maneno mengine yaliyo wazi. Badala ya "take" kwa kidonge, lipo "swallow", ambalo ni kumeza. Badala ya "take down" kwa maneno, lipo "write". Badala ya "take out a loan", lipo "borrow". Na mbele ya watu wanaojua Kiswahili, Kiswahili kipo. Marubani, wenye mafunzo ya miaka mingi, hawakuona aibu kuliacha neno walilolizoea ili watu wasife. Karani wa dirishani naye hapungukiwi na kitu akifanya vivyo hivyo.

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Walisema pia kwamba kuuliza si ujinga. Anayeuliza maana ya neno ambalo kila mtu hudhani analijua, huenda siku hiyo akaokoa mali yake, au uhai wa mtoto wake.